Kende ya Bravo Iliyobaki Tumboni

Jumamosi saa moja jioni umeme ulikatika mjini Simoca, na Nélida akaendelea kukunja empanada, sambusa za kwao, kwa mwanga wa tumbo la mbwa. Alimlaza Bravo ubavu kwenye benchi, na jiko zima likaonekana.

Bravo alikuwa mbwa mweupe wa aina iitwayo dogo, mbwa wakubwa wa kuwinda nguruwe mwitu, naye alikuwa na ngozi nyembamba. Kende moja ilishuka mahali pake. Ya pili ilibaki tumboni, nayo iliwaka. Udogoni iliwaka kama njiti ya kibiriti. Sasa, akiwa na miaka sita, ilitosha kusomea gazeti.

Mumewe Nélida, Don Hermógenes, alifuga mbwa wa maonyesho, na kwa majigambo hakuwa na mpinzani. Miaka miwili alimsugua Bravo mafuta ya kenge kila mwezi ulipoandama, ili kende ishuke. Haikushuka. Kwa kuwa mwamuzi wa maonyesho hupapasa kila dume ahesabu kende, akamshonesha mbwa gololi ya mpira mahali pa ile iliyokosekana. Mwamuzi akapapasa mbili, akatoa kombe. Mwanga aliuona, ila kanuni hazikutaja mwanga.

“Hiyo inayowaka iko kwenye joto lisiloifaa,” alisema daktari wa mifugo, Graciela Ocampo. “Itaota saratani. Tuitoe, na ya nje pia, maana anawarithisha watoto kasoro hiyo.”

“Nimhasi dume langu? Nitapita wapi mjini hapa, daktari?”

“Barabarani, kama wenzako. Anayekatwa si wewe.”

Mwaka huo mwanga ukawa wa manjano. Manyoya ya Bravo yalinyonyoka mbavuni, chuchu zikavimba, akaanza kuchuchumaa akikojoa kama jike. Madume ya jirani yakaja kumchumbia getini. Hermógenes akasema ni husuda za watu, akanunua kufuli la geti.

“Mzee, nakuomba, tumpeleke akapasuliwe,” Nélida alisema. Alikuwa amemlea mbwa huyo kwa chupa, akampenda kuliko alivyompenda mume mwenye kombe. “Mficha maradhi kilio kitamfichua.”

“Nani kaficha? Si yanaonekana mpaka barabarani!”

Siku Nélida alipovunja kufuli kwa shoka na kumbeba Bravo mwenyewe hadi kwa daktari, uvimbe ulikuwa mkubwa kama chungwa na umeshafika kwenye ini. Graciela akampasua, akamshona tena bila kuutoa. Bravo alikufa alfajiri, kichwa kikiwa mapajani mwa Nélida, naye Nélida akalia bila kujificha.

Walimzika uani. Kaburi linawaka mpaka leo, na umeme ukikatika Nélida hutoa meza yake nje.

Jumapili iliyofuata Graciela alipita kutoa pole. Hermógenes alimlaki getini akiwa amebeba mtoto wa mwisho wa Bravo, mikono yake ikinuka mafuta ya kenge. Akamgeuza mtoto chali. Nje hakukuwa na kitu. Ndani ziliwaka taa mbili.

“Mbili, daktari!” alisema. “Babake alikuwa na moja tu.”