Kilima Kisicho na Watu

Nathalie alikuwa akiongoza wageni kwenye jumba la sanaa mjini Brussels. Jumapili ile alimleta mama yake, Régine, aone picha za Brandolesi, Mwitalia wa karne ya kumi na tisa aliyechora milima ya kwao maisha yake yote. Régine aliona matuta yaliyolimwa vizuri na mizabibu iliyonyooka, lakini mtu hata mmoja hakuwepo.

"Batu benye balilima beko wapi?"

"Alibachora, maman, kisha akabafuta. Matajiri wenye kununua balipenda kilima chenye kutulia."

Damu ilimchemka Régine. "Yaani batu balivunjika migongo pale, kisha bao ndio banachafua picha?"

"Maman, doucement, punguza sauti, batu banatuangalia."

"Baangalie!"

Akafungua mkoba kwa hasira, akatoa kipande chembamba cha foto alichokiokota kwenye takataka za nyumbani. Nathalie ndiye aliyekikata, ili foto ya kilima chao cha Masisi, kule Kongo, ienee kwenye fremu ya sebuleni. Kwenye kipande kile, bibi yake Nathalie, mama mzazi wa Régine, alikuwa ameinama, jembe mkononi.

"Na huyu alikukosea nini?"