Ridhaa ya Marehemu

Stella Kiden alikuwa akimenya yai la kuchemsha nje ya ofisi ya msimamizi wake, Daktari Draku, kwenye shule ya uandishi wa habari ya chuo kikuu kimoja cha Arua, alipoletewa jibu la kamati ya maadili. Utafiti wake ulihusu matangazo ya vifo redioni. Kamati iliusifu, kisha ikaweka sharti: kila aliyetajwa katika matangazo hayo atoe ridhaa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Lakini Daktari, hawa watu wamekufa."

"Ndiyo," alisema Draku. "Kwa hiyo uende mapema. Kuwasilisha ni Ijumaa. Usipowasilisha, unarudia mwaka."

Kurudia mwaka! Mama yake kule Abuku alikuwa amebakiwa na mbuzi mmoja tu, tena beberu. Ada ingetoka wapi? Stella akala yai bila chumvi, akapanda gari la Koboko.

Wafu hawakumsumbua. Swadiki, mwanajeshi mstaafu, alitaka kwanza apigiwe saluti, akapigiwa, akaridhia. Wa mwisho alikuwa Margarita wa Kuluba. Mumewe, Yugu, alikuwa uani akichonga mpini wa jembe.

"Mama Margarita iko?"

"Iko ndani, ananyonyesha," alisema Yugu bila kuinua macho. "Tulizika yeye Jumamosi, Jumatatu akarudi. Mtoto ilikuwa inalia sana."

Margarita akatoka na mtoto begani, akimpigapiga mgongo acheue. Stella akamsomea tangazo lake: amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu akacheka.

"Mufupi gani? Nilizaa asubuhi, damu ikakataa kusimama mpaka jioni. Nesi iko, damu ya kuongeza hapana. Gari ya wagonjwa iko, mafuta hapana. Ilikuwa murefu, mtoto wangu."

"Mimi niliandika hiyo yote," Yugu alisema. "Redio ikafuta. Ati inachafua jina ya watu."

Margarita akaridhia. Tena akasema atakwenda Arua mwenyewe, asije mtu akadai Stella amebuni.

Ijumaa Margarita alikaa safu ya pili ukumbini, ndani ya gauni la gomesi alilozikwa nalo, mtoto mgongoni. Jopo likamuuliza kama amekubali kwa hiari. Akasema amekubali. Mtahini mmoja akataka kujua kwa nini sampuli ina wanaume wachache, Stella akajibu, wakaandika.

Kisha mwenyekiti akavua miwani. "Hii sehemu ya damu na mafuta, na haya maneno yaliyofutwa na redio, iko nje ya mada. Tena kituo hicho hupokea wanafunzi wetu kwa mazoezi ya kazi. Ukiiondoa, umepita."

Stella akamtazama Margarita. Maskini, alitamani mtu mwingine yeyote aamue.

"Toa," alisema Margarita. "Wewe upite, mtoto wangu."

Stella akaitoa. Akapita. Mwili wote ukamlegea kama aliyetuliwa mtungi kichwani. Aliona haya kufurahi kiasi kile, lakini alifurahi, Mungu anajua, alifurahi.

Nje ya ukumbi walikuwa wanagawa soda. Stella akampigia mama yake, na kule Abuku vigelegele vikapasuka hata simu ikakwaruza. Margarita alivisikia. Akaweka soda chini, akamsogeza mtoto vizuri mgongoni, akapiga vigelegele naye, virefu, wahadhiri wakageuka na kupiga makofi. Alikuwa navyo vingi. Siku alipozaliwa huyo mtoto, hakuna aliyepata nafasi ya kuvipiga.