Ng'ombe wa Kuitikia Shikamoo

Mzee Shibuda, Msukuma wa Nyakahura, alikuwa na nia njema tu. Aliambiwa kwamba kwa Wahangaza wa Rulenge baba mkwe hatazamani na mke wa mwanawe wala hamjibu neno. Basi mkwe wake mpya, Avelina, alipoingia uani, mzee alitimua mbio akajificha nyuma ya mgomba.

Avelina naye alikuwa amefundwa kwao Rulenge kwamba Usukumani mke humpigia baba mkwe magoti, na hainuki mpaka aitikiwe.

"Shikamoo, baba!"

Akamfuata kwa magoti. Mzee akahamia nyuma ya ghala, magoti nayo yakaja. Akakimbilia zizini huku akijilaani: nani alimtuma kujifanya mstaarabu?

"Shikamoo, baba!"

Kitenge kipya cha binti wa watu kilikuwa kimejaa mavi. Mzee akamgeukia ng'ombe wake mwekundu, akamfokea: "Marahaba! Mwambie huyo ainuke, akale!"

Avelina akainuka, akamshukuru ng'ombe.

Mwaka wa tatu huu wachuuzi wa mnadani wanamtaka yule ng'ombe. Mzee huwafukuza kwa fimbo: "Nikimuuza, mkwe wangu ataitikiwa na nani?"