Sura ya Mama Bukari

Mimi ndiye Mama Bukari. Ukinikuta hapa Bruxelles, kwenye basi la Ganshoren, hutaamini, na hutakuwa wa kwanza. Nina kilo arobaini na saba nikiwa nimevaa koti. Mama Bukari alikuwa mnene.

Bon, kwa walio wadogo: miaka ya sabini, pale Lubumbashi, kila Jumamosi mchana watu waliwasha redio kumsikiliza mama mkwe anayevamia nyumba ya mkwewe, anamaliza ugali wote, ambao kwetu ni bukari, kisha anauimbia wimbo wa shukrani. Anaingia, anakaa, kiti kinalia. Kiti kilikuwa cha kweli. Makalio yalikuwa mfuko wa mchanga, nauangusha mwenyewe. Halafu anauliza, "Bukari imebaki?" na mji mzima unacheka. Sauti ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, jina langu Berthe, na sokoni nilipanga foleni ya unga huku watu wakiniiga vibaya mbele ya macho yangu.

Mara moja tu tulicheza hadharani, katika ukumbi wa sinema. Mkurugenzi alinitazama juu mpaka chini, akaenda kumtafuta muuza samaki mmoja mwenye mwili, akamkalisha jukwaani afungue kinywa. Mimi nikawekwa nyuma ya pazia na mikrofoni. Mama yangu mzazi alikuwa mstari wa pili. Alimpigia makofi yule muuza samaki, akarudi nyumbani na kuniambia, "Ule mama anajua kazi. Weye unafanyaka nini kule ku redio?" Alikufa bila kuamini. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Sasa mwaka huu Papa Rigobert, rais wa jumuiya yetu ya Wakatanga wa Bruxelles, alipanda mpaka kwangu ghorofa ya nne na habari njema: Jumapili, ukumbi mmoja wa Evere, sherehe ya kumheshimu Mama Bukari. Nikampikia. Akala, akasafisha koo.

"Maman, affiche ya kutangaza sherehe imeshatoka. Tulitia photo ya Maman Rolande."

Rolande anauza vitambaa Saint-Josse. Akisimama mlangoni, mteja anangoja nje.

"Rolande anaingia namna gani humu?"

"Batu banakumbuka Mama Bukari munene. Bakikuona weye, batasema tuliwadanganya. Donc, utaimba nyuma ya pazia. Sura si kitu, Maman. Ya maana ni sauti."

Mzee mzima, suti ya vipande vitatu, ananiambia mimi kwamba sifanani na mimi. Ningemfukuza na sahani yake. Lakini akaongeza, "Wimbo ukiisha, nitakuita mbele, batu bakuone." Nikakubali kwa ajili ya neno hilo tu.

Jumapili nilivaa kitenge kipya na kusuka nywele, yote kwa ajili ya pazia. Ukumbi ulitakiwa kufungwa saa kumi na mbili jioni. Saa sita mchana Papa Rigobert alianza kuwasalimia marais wa jumuiya, makamu wao, marais wa zamani na mjumbe wa rais aliyeshindwa kufika, na kila mmoja akaombwa kujibu kwa kifupi. Kwetu kifupi ni dakika ishirini. Makamu mmoja alieleza kwa kirefu jinsi Mama Bukari alivyomfanya yeye awe mtu mkubwa.

Saa kumi na moja na nusu Rolande akakalia kiti, nami nikaangusha mfuko. Puu. "Bukari imebaki?" Walicheka mpaka wakapiga meza. Nikaimba beti zote tatu, na sauti haikunitupa hata mahali pamoja. Nikasikia watu wazima wanalia. Nikashika pazia kwa mkono, nangoja jina langu.

Papa Rigobert akamvisha Rolande medali, akamshukuru Mungu, akawashukuru marais, akatangaza kwamba mwenye funguo ameshafika.

Nikatoka mwenyewe. Wakubwa walikuwa wamejipanga jukwaani, Rolande katikati. Papa Rigobert aliponiona, uso ulimchangamka.

"Ah, Maman, umefika muzuri. Utupige photo." Akanitia simu yake mkononi.

Niliwapiga picha kumi na moja. Niliwapanga kwa uangalifu: tai, vitenge, medali, mikono juu ya matumbo. Vichwa nikaviacha nje. Kisha nikaigeuza simu nikapiga moja yangu.

Nikamrudishia simu. Hakuangalia. Alizituma zote kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, watu mia tatu, nami nimo humo. Marais kumi na wanne bila kichwa, na bibi mmoja mkondefu aliyejaza kioo kizima. Asubuhi akanipigia.

"Maman, vichwa viko wapi?"

"Sura si kitu, Papa Rigobert."

"Na batu banauliza mu groupe, ule maman mukondefu ni nani. Niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu. Ya maana ni sauti."

Nikakata. Nikafungua lile kundi, nikabonyeza alama ya mikrofoni, nikasema "Bukari imebaki?" na kuituma chini ya picha yangu. Miaka hamsini tangu ile redio. Nikaweka maji ya chai jikoni, nikarudi kutazama.

Wa kwanza kujibu alikuwa Rolande. "Ni ye mwenyewe. Miye nilikuwa nafungula tu kinywa."

Nikaisoma tena, kwa sauti, mbele ya picha ya mama yangu ukutani.