Walii Yuko Zegereni

Asubuhi ya ndoa ya mdogo wake Mwamini, Halidi aliingia kiwandani Zegereni kwa pikipiki yake, na kanzu ndani ya ovaroli. Mtu mwenye akili timamu angezima simu akaenda zake harusini Kurui. Lakini Bwana Wilfred, meneja wa uzalishaji, alikuwa amempigia kwa sauti ya kubembeleza: "Pitia mara moja tu, kaka, unitafutie faili moja, halafu ukaoze." Halidi akapitia. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba bila yeye mambo hayaendi huishia kuamini, na kuamini huko kuna utamu wake.

Kiwanda kile kilikata vyuma: mageti, miguu ya matangi, vifuniko vya mashine za nafaka. Mashine ya kukatia haikusoma mchoro wa karatasi. Ilisoma faili la maandishi, mistari mitupu ya namba inayoiambia ipite wapi na ikate wapi. Mafaili hayo yalikuwa maelfu, na Halidi aliyarundika yote mahali pamoja kama nguo chafu. Ayapange ya nini? Yeye alishinda ndani ya programu yake ya kuandikia, skrini nyeusi, kipanya hakigusi. Akibonyeza vitufe viwili, kidirisha kinafunguka. Akiandika herufi chache za jina, amri ya kutafuta inapekua rundo zima, majina yanapungua mbele ya macho mpaka linabaki moja. Anapiga enta, faili hili hapa. Aneth, aliyekaa naye ofisi moja, aliwahi kumsihi ayagawe kwa majina ya wateja ili na wengine wayapate.

"Ya nini, dada? Si nipo?" alimjibu siku hiyo, tena huku anacheka.

Sasa yupo, na hatoki. Lori la mteja lilikuwa uani likisubiri kifuniko cha mashine ya kukoboa mpunga, na vipimo vya kifuniko hicho havikuwa popote ila ndani ya faili. Halidi aliandika "koboa". Kidirisha kikabaki kitupu. Akaandika jina la mteja. Kitupu. Akatumia ile amri nyingine inayochungulia ndani ya mafaili yenyewe, neno kwa neno, ambayo haijawahi kumwangusha. Kitupu vilevile.

"Halipo, bosi."

"Lipo. Kifuniko hikihiki tulishakikata hapahapa."

"Basi nisainie kibali niende. Nikirudi nitalitafuta."

Pale getini mfanyakazi hapiti bila kibali chenye saini ya meneja, na mlinzi wa zamu hana undugu na mtu. Wilfred alitoa kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Likipatikana, nasaini. Hapa nani mwingine analijua rundo lako hili?"

Aneth alijifanya anasoma kitu. Halidi alitamani Aneth aseme neno, hata la kumsuta.

Simu ikaita. Alikuwa Shangazi Mboni kutoka Kurui.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, uko wapi? Bwana harusi na watu wake wameshafika! Sheikh ameshakaa!"

"Nakuja, shangazi." Aliona aibu kusema yuko wapi.

Baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo Halidi ndiye walii wa Mwamini, wa kumwoza. Angekuwa na haraka ya kula pilau tu, isingekuwa taabu. Taabu ni maneno aliyoambiwa na Mwamini walipokuwa wawili tu jikoni. Mchumba, Kibwana, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mpole, mswalihina, na ukoo mzima ulikwisha kumkubali kwa niaba ya bibi harusi. Mwenyewe hajasema kitu. "Siku ya kuniomba idhini uje chumbani wewe mwenyewe, kaka. Uniulize ukinitazama usoni. Wewe nitakwambia kweli. Wakiniuliza wengine nitanyamaza, na wao wataondoka na jibu wanalolitaka." Halidi aliapa kwamba angekuja.

Akarudi kwenye kibodi. Ndipo akamkumbuka Eliya, fundi aliyekuwepo kabla yake. Mafaili ya Eliya yaliitwa "mpya", "mpya kabisa", "mpya ya mwisho", na kila Halidi alipotafuta kitu yalimjazia kidirisha takataka. Siku moja kwa hasira aliyatupia kwenye folda ya pembeni, akaandika mstari mmoja katika kijifaili cha maagizo: humo usitafute. Amri ikatii. Ilitii mpaka leo, naye akasahau kama aliwahi kuiamuru. Alijisikia mjinga, na mjinga alikuwa kweli. Akaiita amri upya, safari hii akiiambia isiruke kitu, na "mpya ya mwisho" ikatokea, na ndani yake kifuniko cha watu.

"Hilo hapo! Nisainie."

"Ngoja kwanza kipande cha kwanza kitoke, tukipime," alisema Wilfred bila ubaya wowote. "Kikikosewa nitamwita nani?"

Mashine ikaanza kukata, kelele ikajaa ofisini. Simu ikaita tena. Sasa alikuwa sheikh mwenyewe.

"Bwana Halidi, watu wanatoka mbali. Nipe uwakala niozeshe mimi, ni halali kabisa. Dada yako huyu hapa, muulize idhini kwa simu tumalize."

Halidi alibana sikio kwa kiganja. "Mwamini. Umeniidhinisha nikuoze kwa Kibwana?"

Hakusikia jibu. Labda mtandao, labda mashine, labda analia. Nyuma ya Mwamini wanawake walisikika wakinong'ona, na mmoja alishaanza kigelegele akakatizwa.

"Amenyamaza," alisema sheikh. "Kwa msichana, huko ni kukubali."

Halidi alitazama geti kupitia dirishani. Hakuwa na kibali, na kifuniko kilikuwa bado hakijafika nusu. Alimwogopa sheikh, akamwogopa shangazi, akawaogopa watu wote wale waliovaa wakapendeza.

"Sheikh, nisamehe. Mimi sijaona alivyonyamaza, na uwakala sijampa mtu. Mpaka nifike."

"Utafika lini?"

"Sijui."

Zogo likazuka upande wa pili. Shangazi Mboni alitoa laana asizozimaanisha, mtu akaomba maji, simu ikapokonywa huku na huku. Kisha sauti ya Mwamini ikaja karibu kabisa na sikio lake.

"Njoo polepole, kaka," alisema. "Usikimbize pikipiki."