Kufuli Tatu za Geti la Mtoni

Mimi nina mdomo, sikatai. Herminia alikuwa akisema ningezaliwa na nusu ulimi ningekuwa na marafiki mara mbili. Sasa amelala kwenye makaburi ya ukoo wetu kando ya Rio Grande, mto wa mpaka, hatua mia mbili kutoka jikoni kwangu, na katikati yetu kuna geti. Ukiniuliza nani amenikataza kwenda kwa mke wangu, nitakwambia hakuna. Ndiyo balaa yenyewe.

Huku kwetu geti la shamba likiwa na wenyewe wengi hufungwa kwa mnyororo mmoja na kufuli zilizoshikana. Yangu inashika ncha moja ya mnyororo, ya askari wa mpaka wa serikali kuu inashika ncha nyingine, na hizo mbili zinashikana zenyewe. Kila mtu hufungua yake tu, mnyororo ukaachia. Sharti ni moja na hata mlevi analijua: usiiruke kufuli ya mwenzako ukaiacha nje ya mnyororo. Tumeishi hivyo miaka thelathini bila kugombana.

Aprili jimbo letu likasema serikali kuu imelala usingizi, mpaka litaulinda lenyewe. Wakaja askari wa jimbo na waya wa wembe na Sajenti wao Tidwell, mtu wa mjini Amarillo aliyelelewa ghorofani. Tidwell akakamata ncha mbili za mnyororo, akazifunga pamoja kwa kufuli ya jimbo. Zetu mbili zikabaki zinaning'inia kama hereni.

"Umeniruka," nikamwambia.

"Amri, mzee. Ukingo wa mto ni wa serikali kuu. Kaombe ruhusa kwao."

Nikaenda kwa Baldemar Ochoa, askari wa serikali kuu. Huyu alifundishwa kusoma na Herminia. Akavua kofia, akakuna kichwa.

"Mzee wangu, sisi sheria inaturuhusu kufika mtoni. Lakini kufuli ni ya jimbo. Nikiikata ni kesi, na majaji bado wanabishana. Kaombe kwa jimbo."

"Mwalimu wako angekuchapa."

"Angenichapa, kweli," akasema, na hakucheka.

Miezi saba nimepigwa danadana hivyo. Barua nimeandika, fomu nimejaza, mpaka daktari akaniambia moyo wangu umechoka, nipange mambo yangu. Jambo langu ni moja tu. Jiwe la Herminia ni la watu wawili. Nusu ya pili ina jina langu, Nemesio Urrutia, mwaka wa kuzaliwa na kistari. Nataka kuzikwa pale. Mwanangu yuko Chicago, ananipigia simu Krismasi. Sina mwingine wa kulala naye udongoni.

Novemba mbili, siku ya marehemu wetu, nikafika getini asubuhi na chupa ya kahawa, mkate mtamu wa kuwapelekea wafu na maua ya rangi ya chungwa. Nikasimama tu. Mdomo wangu wote uliniishia siku hiyo, nikawa nalia kama mjinga. Tidwell akanitazama, akatazama barabara.

"Dakika kumi, mzee. Na geti nafunga nyuma yako, haliruhusiwi kukaa wazi."

Nikaingia. Sijatoa hata ua moja kwenye karatasi, redio yake ikaita, wanamtaka juu ya mto haraka. Nikasikia gari linaondoka. Ufunguo umo mfukoni mwake.

Haya basi. Nikakaa na mke wangu. Nikang'oa magugu, nikammiminia kahawa yake bila sukari, nikamweleza habari za miti ya pekani, kwamba mwaka huu imezaa na mimi sina nguvu ya kuitikisa njugu zake zidondoke. Waya wao walikuwa wameupitisha juu ya nusu yangu, na chupa tupu za maji wamezitupa palepale nitakapolala. Nikaziokota moja moja. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu afariki, naapa.

Alasiri Baldemar akapita nje na gari lake.

"Mzee! Umeingiaje humo?"

"Kwa mlango, kama Mkristo. Wewe nawe ingia unywe kahawa."

Kwa mazoea ya zamani akafungua kufuli yake kwa mbwembwe, akavuta mnyororo. Wapi! Kufuli ya jimbo ikabaki imeng'ang'ania. Nikacheka mpaka kifua kikabana, na kilipobana hakikuachia. Nikakaa chini kando ya nusu yangu.

"Dawa zako ziko wapi?"

"Juu ya friji. Usiwe na haraka, mwanangu. Niko nyumbani."

"Acha utani, mzee!" Akashika redio. Nilimsikia akipiga kelele: kuna raia amefungiwa ndani, anakufa, atolewe. Wakubwa wake wakawapigia wakubwa wa jimbo. Hakuna aliyeomba fomu. Tidwell akarudi mbio, akafungua, wakaninyanyua, mmoja bega hili, mwingine bega lile, jimbo na serikali kuu, wakanipeleka hadi kitandani kwangu. Baldemar akatazama saa ya ukutani, akahesabu. Dakika kumi na nane tangu ashike redio.

Nilipomeza dawa nikawauliza, "Kunitoa mmeelewana upesi. Siku ya jeneza langu, nani atafungua?"

Baldemar akaenda kurudisha dawa juu ya friji.

"Mimi mwezi ujao narudi kwetu," akasema Tidwell. "Samahani, mzee. Sikujua kama kufuli yetu ilipaswa kushikana na zenu. Nitawaambia wakubwa."

Labda aliwaambia. Kesho yake nilijikongoja mpaka getini: kufuli ya jimbo ipo palepale, zetu mbili zinaning'inia. Kwa mbali nikayaona maua yangu, upepo umeyasukuma kwenye waya.

Nikarudi nikaandika karatasi, nikaibandika kwenye friji chini ya dawa. Inasema hivi: Nikifa, msiombe ruhusa ya kuniingiza. Nipelekeni getini muwaite askari wa jimbo na wa serikali kuu, mseme kuna mzee amefungiwa upande wa mtoni, anataka kutolewa. Watafungua. Likishafunguka tu, niingizeni.

Suti nimeitundika. Viatu nimevipiga rangi. Karatasi naisoma kila asubuhi ninapochukua dawa, maana mpaka leo hakuna mtu mwingine anayeingia jikoni humu wa kuisoma.