Mifuko ya Chini ya Daraja

Kila Ijumaa, kabla hatujatoka karakanani, bosi alimpakilia kila mmoja wetu mifuko miwili myeusi kwenye buti ya gari. Ndani mlikuwa na mabaki ya ngozi na makopo ya gundi. Karakana yetu ya viatu haikuandikishwa popote, kwa hiyo hata taka zake hazikuwa na pa kupelekwa. "Popote mtakapo, ila si hapa," alisema. Mimi nilitupa chini ya daraja la barabara kuu, nje kidogo ya mji wetu, kaskazini mwa Napoli. Watu wengine walikuja kuzichoma taka hizo. Nikawa najiambia kwamba moshi si wangu.

Moshi huo ulimwingilia Titina, jirani yangu, ambaye mumewe mgonjwa alipumua kwa mtungi wa oksijeni. Titina ndiye aliyeanzisha kamati ya kulinda daraja dhidi ya watupa taka. Akaja mlangoni kwangu na fulana ya manjano ya kamati.

"Assunta shoga yangu, Jumapili zamu yetu. Na usiniambie una kazi, hata Mungu siku hiyo alipumzika."

Nikaivaa.

Tulipotoka kanisani tulikwenda, sisi wanne. Tukamkuta mzee Gaetano, muokota vyuma, ameinama juu ya mifuko.

"Kumbe ni wewe!" Titina akapiga kelele.

"Mimi naokota tu, mama, situpi. Natafuta vyuma."

"Vyuma! Mume wangu anakufa kwa vyuma vyako?"

Titina akaupasua mfuko mmoja. Ngozi nyekundu ikamwagika, ile niliyoikata mwenyewe wiki nzima. Gaetano akaniangalia. Alinijua: mwezi uliopita alinikuta palepale na buti ya gari wazi, tukasalimiana. Alikuwa ananisubiri mimi niseme.

Nikasema, "Kweli, huyu mzee haondokagi hapa."

Sijui ulimi ule niliutoa wapi. Gaetano aliokota kofia yake akaondoka. Kesho yake picha yake ilikuwa kwenye simu ya kila mtu, imeandikwa "mtupa taka", na matairi ya kigari chake cha kubebea vyuma yamechanwa.

Nilivumilia majuma matatu. Mwisho nikasimama mbele ya kamati, kwenye ukumbi wa parokia, nikasema yote: karakana, mifuko, na Gaetano.

Titina akainuka kitini. "Ulikuwa unakaa kwangu unamshikia mume wangu mkono," akasema. "Kwa mkono huohuo uliotupa mifuko."

Karakana ikafungwa wiki ile. Wanawake wanane wakakosa kazi, na Concetta, tuliyekaa naye meza moja miaka sita, akaniambia mbele ya watu, "Hongera, umejisafisha kwa mkate wetu." Daraja limekuwa safi tangu hapo. Titina hupita mlangoni kwangu kama anapita kwenye ukuta.

Nilikwenda kwa Gaetano. Nyumba imefungwa; majirani wakasema kahamia kwa dada yake, mji wa Foggia. Nikatafuta namba, nikapiga. Dada yake akapokea.

"Mwambie ni Assunta. Mwambie nimeshasema ukweli mbele ya wote, na namwomba radhi."

Nikamsikia akiyarudia maneno yangu chumbani, polepole, neno kwa neno. Kisha akarudi kwenye simu.

"Anasema amesikia."

Nikangoja. Akakata simu.